Kaburi Lina Wenyewe

Siku hizi nasikia neno moja likirudiwa na vijana wetu, na hata na baadhi ya wazee wa kanisa ambao ningetegemea wawe waangalifu zaidi: "Marehemu hana siri tena." Husemwa pale mtu anapoulizwa kwa nini amepiga picha makaburi yote ya nyumbani kwa watu na kuyaweka mtandaoni, majina, tarehe, na ile picha ya marehemu iliyobandikwa kwenye marumaru. Anajibu kwamba anatafuta asili ya ukoo. Anasema jiwe limeandikwa ili lisomwe. Kila apitaye njiani analiona, basi kuna ubaya gani likionwa na mtu aliyeko Chicago?

Napinga neno hilo. Sipingi kutafuta asili, maana Biblia yenyewe imejaa vizazi, na Mpare asiyejua mbari yake tunamhurumia. Ninachopinga ni wazo kwamba kwa sababu mtu amekufa, na kwa sababu jiwe lake liko juani, basi ni mali ya yeyote mwenye simu.

Tuelewane kwanza kinachofanyika. Zipo tovuti kubwa za makaburi. Find a Grave ilianzishwa mwaka 1995 na Mmarekani aliyependa kutembelea makaburi ya watu mashuhuri; mwaka 2013 ilinunuliwa na Ancestry, kampuni inayouza huduma za kutafuta nasaba. BillionGraves ilianza mwaka 2011, nayo hutumia simu ya mkononi: ukipiga picha ya jiwe, simu huandika yenyewe mahali hasa uliposimama, na anayetafuta jina lile hupewa picha pamoja na ramani ya kumfikisha. Wengi wanaopiga picha hizo hujitolea tu, hawana nia mbaya, na kazi yao imewasaidia watu wa Ulaya na Marekani kupata kaburi la babu ambaye hawakujua alizikwa wapi. Kwetu picha nyingi hazifiki huko. Huishia Facebook na kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo. Lakini kundi la ukoo lenye watu mia mbili halina mlango wa kufunga. Picha iliyowekwa humo usiku, asubuhi iko kwa watu ambao hata jina la ukoo hawawezi kulitamka.

Sasa, makaburi ambayo tovuti hizo zilitengenezewa si kama yetu. Huko makaburi ni uwanja wa mji au wa kanisa, una lango na una saa za kufungua, na aliyezikwa humo amelala katikati ya wageni. Nenda Mbaga, Vudee, Suji, Chome, au vuka uende Usangi na Ugweno. Viwanja vya makaburi vya kanisa vipo, na huku Same mjini wapo wanaozikwa kwenye makaburi ya wote, lakini desturi yetu kubwa tunaijua. Mpare anazikwa nyumbani. Hata akifia Dar es Salaam au Mwanza, tunachanga, tunakodi gari, tunampandisha mlimani kona kwa kona mpaka kwenye kiwanja alichozaliwa, tunamlaza hatua chache kutoka jikoni, kando ya migomba. Baada ya mwaka au miaka watoto wake wanarudi kulijengea kaburi, mchungaji anaitwa, tunaimba, tunakula. Baada ya hapo maisha yanaendelea juu yake. Wajukuu hukaa hapo jioni wakipiga soga. Mama huanika maharage juu ya zile marumaru, wala hakuna anayeona ni dharau. Kaburi letu ni chumba cha nyumba ambacho hakina paa.

Kwa hiyo anayelipiga picha anapiga picha nyumba. Nyuma ya msalaba unaonekana mlango wa jikoni, kamba ya nguo, mtoto amesimama bila shati. Na ramani ya simu inasema: ni hapa.

Madhara yake si ya kubuni. Nianze na lililo zito kuliko yote. Tangu miaka ya 2000 nchi yetu imebeba aibu ya mauaji ya watu wenye ualbino, na aibu hiyo haikuishia kwa walio hai. Makaburi yao yamefukuliwa usiku. Zipo familia hapa Tanzania zilizolazimika kumwaga zege nzito juu ya mpendwa wao, si kwa ajili ya heshima bali kwa ajili ya ulinzi. Sasa fikiri: jiwe lina picha ya marehemu huyo, chini yake jina la kijiji, na simu imeongeza njia ya kufika. Aliyeliweka mtandaoni alitaka ukoo ukamilike. Mwizi wa mifupa hahitaji kuuliza tena.

Jambo la pili ni jepesi kidogo lakini hutokea kila siku. Majiwe yetu hayamtaji marehemu peke yake. Tunaandika alizaliwa lini, wapi, ni mtoto wa nani, na chini tunaorodhesha mke, watoto, wakwe, wajukuu, wote kwa majina. Hao wako hai. Kila mmoja wetu amewahi kupokea ujumbe wa kutuma pesa "kwenye namba hii". Tapeli asiyekujua unamcheka. Lakini yule anayempigia bibi wa miaka themanini na kumwambia, "Shikamoo bibi, ni mimi mjukuu wako, mtoto wa fulani, yule aliyezaliwa mwaka ule alipofariki babu," huyo bibi atamwitikia marahaba, na atamtumia. Tumemfundisha tapeli nasaba yetu bure.

Na habari ya mashamba siisemi sana, maana wasomaji wangu wamekaa kwenye mabaraza kuliko mimi. Tunajua kaburi linavyotoa ushahidi pale ndugu wanapogombania mpaka. Picha iliyokatwa upande mmoja inaweza kusema jambo ambalo kaburi lenyewe halisemi.

Hata hivyo, kama hatari hizo zingeondolewa zote kesho, bado ningepinga. Sababu yangu kubwa ni ya imani.

Jiwe la kaburi husema mengi kuliko maandishi yake. Mama na mtoto mchanga wana tarehe moja ya kufa. Ndugu watatu wamelala mstari mmoja, wote walikufa katika miaka ya 1990, wote hawakufika arobaini. Baba ana wake wawili lakini jiwe linamtaja mmoja. Yuko mtoto ambaye kijiji kizima kinamjua ni wa marehemu, na jina lake halimo. Jirani anapopita hapo anasoma yote hayo, na ananyamaza, kwa sababu alikuwepo msibani, alichota maji, alilia nao. Jiwe letu limeandikwa kwa ajili ya watu wanaojua kunyamaza. Ukilipeleka kwa mtu asiyewahi kumlilia marehemu, maandishi ni yaleyale lakini habari imekuwa nyingine. Huyo ataanza kuhesabu na kuuliza. Na swali lake litaandikwa chini ya picha, mbele ya macho ya yule mtoto asiyetajwa.

Mwanzo sura ya 9 inatueleza habari ya Nuhu aliyelala uchi hemani mwake. Hamu alimwona. Hapo pengine hana kosa. Mtu anaweza kuona asichokusudia. Kosa lake ni kwamba alitoka nje akasimulia. Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakaenda kinyumenyume ili wasione, wakamfunika baba yao. (Najua sura hiyo imetumiwa vibaya sana na watu waliotaka kuhalalisha utumwa wa Mwafrika. Walikuwa wazushi: laana ile ilitajwa juu ya Kanaani, na haikuhusu rangi ya mtu yeyote. Tusiwaachie Maandiko kwa sababu wao waliyaharibu.) Nuhu hakuwa amekufa, alikuwa amelewa tu, lakini mambo mawili anafanana na wafu wetu: hakuweza kujifunika, na hakuweza kujieleza. Mtu wa namna hiyo heshima yake imo mikononi mwa watoto wake.

Sisi Walutheri hatuna udhuru wa kutolijua hili, maana tumejifunza Katekisimo. Amri ya nne inatutaka tuwaheshimu baba na mama, na haisemi heshima hiyo inakoma siku ya mazishi. Amri ya nane wengi wanadhani inakataza uongo tu. Luther katika Katekisimo Kubwa anakwenda mbali kuliko hapo. Anatofautisha kujua jambo la jirani na kulitangaza, na anasema hata lililo kweli, kama halijawa wazi kwa wote na kama hujapewa wajibu wa kulihukumu, huna ruhusa ya kulieneza. Anatumia mfano wa mwili: viungo visivyo na heshima tunavifunika, na ndivyo tuifunike aibu ya jirani. Kwa hiyo anayesema "lakini ni kweli, imeandikwa kwenye jiwe" hajajibu kitu. Amri ile inamgusa mwenye kusema kweli pia.

Nitaulizwa: na Mathayo je? Injili yake inaanza kwa kutaja Tamari, Rahabu, Ruthu, na yule aliyekuwa mke wa Uria. Kama ni kufunika, mbona Roho Mtakatifu hakufunika ukoo wa Bwana wetu? Hoja hii ina nguvu na sitaikwepa. Lakini tazama ni nani anayesimulia, na kwa nini. Mathayo si mpita njia. Anasimulia kama mtu wa nyumba ile, juu ya mambo ambayo Israeli wote walikuwa wameyasoma katika vitabu vyao kwa karne nyingi, na anayasimulia ili tujue ni wenye dhambi gani Mwokozi amekubali kuwaita bibi zake. Kama ukoo umekaa pamoja, ukaamua kumtaja mtoto aliyeachwa nje ya jiwe na kumrudisha mezani, mimi nitakuja kuomba nao. Hilo ni tendo la Injili. Kijana aliyekuja likizo ya Desemba akapiga picha arobaini kabla ya chai, na kuzituma kabla gari halijafika Mkomazi, hajafanya kazi ya Mathayo.

Upande wa pili wapo wanaoniunga mkono kwa sababu nisizozitaka. Wanasema picha ya kaburi inasumbua mizimu, inafungua njia kwa wachawi. Hapana. Aliyelala katika Kristo yuko mikononi mwa Mungu, na kamera haimfikii. Tukilinda kaburi kwa hofu ya mizimu, tumerudi tulikotoka. Wazee wetu, katika koo nyingi za Upare, walikuwa wakifukua fuvu la marehemu baada ya muda na kulihifadhi pamoja na mafuvu ya waliotangulia, katika mapango au misitu ya ukoo, na huko waliomba na kutambika. Mchungaji Jakob Dannholz wa Misheni ya Leipzig, aliyefanya kazi Mbaga, aliandika habari za imani hizo katika kitabu kilichotoka Leipzig mwaka 1916. Injili ilitutoa katika hofu ile. Lakini haikututoa katika heshima, na kuna jambo moja wazee wale walilijua ambalo sisi tunalisahau: mahali pale palikuwa na wenyewe. Mtu wa ukoo mwingine hakujiingilia.

Wapo walioingia bila kubisha. Wakati wa Wajerumani mafuvu ya watu wetu yalichukuliwa kwa maelfu kutoka Afrika Mashariki yakapelekwa Berlin, yakapewa namba, na neno lililotumika lilikuwa utafiti. Majirani zetu wa Old Moshi bado wanatafuta kichwa cha Mangi Meli aliyenyongwa tarehe 2 Machi 1900. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100. 202 kati yake yalitoka katika Tanzania ya leo. Mwezi Septemba mwaka huohuo ikatangazwa kwamba jamaa wa damu wa baadhi ya mafuvu ya Uchagani wamepatikana. Walipatikanaje? Wazao waliendewa, wakaombwa, wakakubali, wakatoa mate yao yapimwe. Sisemi kijana mwenye simu ni sawa na mwizi wa mafuvu. Huo ungekuwa ushahidi wa uongo, na nimetoka tu kuitaja amri ya nane. Nasema kwamba neno "utafiti" halimpi mtu ruhusa leo kama lisivyompa wakati ule.

Wala sidharau njaa ya anayetafuta. Iko haki katika kutaka majina. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalishuka kando ya milima yetu wakifuata reli ya Tanga, na pande zote mbili zilibebewa mizigo na Waafrika. Askari wa Kizungu waliokufa wana mawe yenye majina katika makaburi ya vita ya Moshi na Taveta. Wapagazi wetu wako wapi? Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi. Hata picha za wamisionari wa Leipzig, ambazo sasa zinaonekana kwenye maktaba ya kidijitali ya chuo kikuu kimoja cha California, nyingi zinaonyesha mababu zetu bila kuwataja majina. Anayezitazama na kuumia, naumia naye. Lakini uchungu wa kutotajwa hauponywi kwa kumtaja mwingine bila idhini ya watu wake.

Yako pia matumizi ambayo washarika wengi hawayajui. FamilySearch, tovuti kubwa ya nasaba isiyotoza ada, ni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani Wamormoni, na faharasa za zile tovuti za makaburi hupatikana pia humo. Kanisa hilo linabatiza walio hai kwa niaba ya waliokufa, na ndiyo maana linatunza nasaba kwa bidii. Hawafichi jambo hilo, na hatuna sababu ya kuwasema vibaya. Mwaka 1995 walikubaliana na viongozi wa Wayahudi kuacha kuwabatiza waliouawa na Wanazi. Wayahudi waliuliza. Sisi tunaoungama ubatizo mmoja, na ambao bibi zetu walibatizwa kwa maji ya mito ya milima hii wakakubali kutengwa na jamaa zao kwa ajili yake, je, tumeulizwa? Au hatujui hata kwamba lipo la kuulizwa?

Ibrahimu alipotaka kaburi la Sara (Mwanzo 23) alisimama langoni, akainama mbele ya wenyeji, akaomba, akakataa kupewa bure, akapima shekeli 400 za fedha watu wote wakishuhudia. Alikuwa na ahadi ya Mungu kwamba nchi ile yote itakuwa yake, na bado akaomba. Yosia naye, katika 2 Wafalme 23, akiwa katikati ya kufukua makaburi ya waabudu sanamu, aliona jiwe asilolijua. Aliuliza watu wa mji ni la nani. Walipomweleza, akaagiza lisiguswe. Mfalme mwenye jeshi aliuliza.

Tuulize nani, basi? Hapa ndipo mambo huharibika hata kwa wenye nia njema. Kijana anampigia simu baba mkubwa aliyeko Dar es Salaam, mwenye kundi la WhatsApp, anapewa ruhusa, kazi imekwisha. Mimi nasema ruhusa iko kwanza kwa yule anayelifagia kaburi. Mara nyingi ni mjane, au shangazi aliyerudi nyumbani, au mke wa mtoto wa mwisho. Hana simu ya maana na haulizwi lolote. Kaa naye, kunywa chai yake, mwambie hasa picha itakwenda wapi na itaonwa na nani. Akisema jina la babu litoke lakini majina ya watoto yasitoke, funika hayo. Akisema hapana, rudi na kalamu yako. Jina na mwaka unaweza kuandika kwenye daftari la ukoo bila kumwonyesha mlimwengu mlango wa jikoni. Na mahali simu inapouliza kama iandike ramani, katika nyumba za watu jibu ni hapana, hata kama mjane amekubali, maana hilo halielewi, na huna haki ya kutumia kutoelewa kwake. Kaburi la mtoto na kaburi la mtu mwenye ualbino yasiwekwe kabisa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na majina ya walio hai yaliyo kwenye mawe yetu ni taarifa za watu. Sitaki tufike huko. Mkristo anayesubiri sheria ndipo amheshimu mjane amechelewa.

Limebaki la ofisi zetu wenyewe, na hili nawaambia wachungaji wenzangu na mabaraza ya wazee. Vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi vimeanza kuombwa na watafuta ukoo, na katika sharika nyingine vimefunguliwa mezani, mtu akapiga picha ukurasa baada ya ukurasa huku mhasibu akiendelea kupokea sadaka. Humo mna waliotengwa na kurudishwa kundini. Mna watoto walioandikwa jina la mama tu. Baraza la wazee la kila usharika lichukue kikao kimoja kuamua hili: mgeni ataje mtu anayemtafuta na undugu wake naye, katibu afungue kitabu mwenyewe, amnakilie mstari ule kwa mkono, agonge muhuri, kitabu kirudi kabatini. Na kabati liwe na kufuli.